Ndinda, Mwalimu Aliyerudishwa Nyumbani na Wanafunzi Wake

Marehemu Peninah Ndinda Musyoka alizaliwa tarehe 3 Aprili 1989 hapa Kalamba, Kaunti ya Makueni, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Nzau na mama Syokau. Aliyemtangulia ni Mwongeli, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, na aliyemfuata ni Kitonga. Ndinda alianza kazi ya ualimu kabla ya kwenda shule. Alikuwa akimkalisha Kitonga nyuma ya jiko, anamwandikia hesabu ukutani kwa makaa, halafu anamsahihisha. Kitonga anaapa hadi leo kwamba hakuwahi kupata hata moja.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2003, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 2007. Mwaka 2013 alihitimu chuo kikuu na shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Dini. Siku hiyo mzee Nzau alichinja mbuzi, akasimama mbele ya wageni na kutangaza kwamba shida za nyumba hii zimekwisha. Mzee alikuwa na haraka kidogo.

Tarehe 16 Agosti 2014 Ndinda alifunga ndoa na Jeremiah Musyoka, fundi wa mbao sokoni Kalamba, mtu mpole ambaye Ndinda alimsifu kwamba ana maneno machache kuliko misumari yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Katunge mwaka 2015 na Mutunga mwezi Aprili 2022. Miaka hiyo yote Ndinda alifundisha kama mwalimu wa bodi, anayelipwa na shule yenyewe, katika shule za hapa karibu, akingoja kuajiriwa na serikali. Alingoja miaka kumi. Barua ilipokuja, Februari 2023, ilimpeleka sekondari msingi huko Nuu, Kaunti ya Kitui, mbali sana na hapa. Mtu aliyengoja miaka kumi hawezi kukataa kituo. Alimwachisha Mutunga ziwa kwa juma moja, mtoto akiwa na miezi kumi, akawaacha watoto kwa dada yake Mwongeli, kwa kuwa Musyoka hushinda sokoni, na kuondoka.

Mwongeli hataficha jambo mbele yenu. Mutunga alipoanza kuzungumza alimwita Mwongeli "mama", na sauti iliyotoka kwenye simu aliiita "Mwalimu", kwa sababu ndivyo alivyosikia watu wakiiita. Ndinda alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alikata simu mapema akisema mtandao ni mbaya. Kila likizo ilipofika alikuja, na mtoto alijificha nyuma ya sketi ya Mwongeli. Mwongeli alimsukuma mbele na kumkemea, lakini moyoni alifurahi kidogo kuchaguliwa, na furaha hiyo inamuuma leo.

Ndinda aliomba uhamisho kila nafasi ilipotokea, na jibu la ofisi lilikuwa lilelile: tafuta mwalimu anayetaka kuja Nuu, mbadilishane. Nani anatoka Makueni kwa hiari yake aende Nuu? Ndinda aliendelea na kazi. Na alifanya kazi vizuri, hilo walimu wenzake wamekuja kulishuhudia.

Mwaka 2024 alisimamia gredi ya nane katika mradi wa huduma kwa jamii. Katika mradi huo wanafunzi wenyewe hutafuta tatizo la watu wanaoishi nao, wanachunguza chanzo chake na kulitatua. Walimu wengi huwachagulia. Ndinda alikataa. "Tatizo ni lenu," aliwaambia, "mimi niko hapa kuangalia tu." Kundi moja lilizungushia ua kisima cha mchangani mtoni ili mifugo isichafue maji. Lingine lilipanda miti kwenye zahanati. Kundi la mwisho, watoto tisa walioongozwa na Kyule na Leyla, lilichelewa, na lilipoleta ripoti, ukurasa wa kwanza ulisema hivi: "Tatizo: Mwalimu Ndinda anaishi mbali na watoto wake. Chanzo: Sisi."

Aliwaelewa vibaya. Alidhani wamemchoka na wanamfukuza kwa adabu. Alifunga ripoti, akafundisha siku nzima bila kuwatazama, hadi Kyule alipomfuata nje ya ofisi ya walimu.

"Mwalimu, si kukufukuza," alisema. "Kila siku saa kumi unaenda pale kwa tangi la maji kutafuta network, unapigia mtoto wako. Ukirudi macho yako ni mekundu, unatuambia ni vumbi. Na siku zingine hata imenyesha."

Ndinda alimwuliza kama wameelewa kwamba wakifaulu, atakwenda.

"Tumeelewa," Kyule alijibu. "Leyla alilia kwanza, ndio tukaandika."

Ndinda alirudi ndani, akaisoma ripoti yote, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Aliwapa "kukaribia matarajio" tu, alama ya pili kutoka chini, kwa sababu walianza kazi bila kumwuliza mhusika. Huyo ndiye Ndinda. Mwongeli aliposimuliwa kwa simu alimwambia, "Kwani wewe huna huruma? Watoto wanakuletea nyumba yako mkononi, unawanyima alama?" Ndinda alicheka mpaka akakohoa.

Watoto hao hawakuishia kwenye karatasi. Baba yake Leyla, mzee Hamud, ni mfanyabiashara wa mbuzi ambaye huwapeleka masoko ya Makueni. Leyla na wenzake waliandika kwa mkono tangazo la mwalimu wa Nuu anayetafuta wa kubadilishana naye, nakala nyingi, na mzee Hamud akaweka sheria yake sokoni: kila anayenunua mbuzi achukue na karatasi. Mnunuzi mmoja alilalamika kwamba yeye hana haja na karatasi. "Mbuzi na karatasi ni kitu moja," mzee Hamud alimwambia. "Hutaki karatasi, wacha mbuzi." Alichukua. Karatasi hiyo ikafika kwa Mutisya, mwalimu wa mtoto wa mnunuzi huyo, mzaliwa wa Migwani huko Kitui, ambaye naye alikuwa akihesabu miaka mbali na kwao. Nuu si Migwani, lakini angalau Ijumaa angeweza kufika nyumbani. Mutisya alipiga simu siku hiyohiyo.

Uhamisho ulikubaliwa mwisho wa mwaka, na tarehe 6 Januari 2025 Ndinda alianza kufundisha karibu na nyumbani, akitoka asubuhi na kurudi jioni kama watu wengine. Mutunga alimchunguza mwezi mzima. Mwezi wa pili alianza kumngojea langoni. Siku alipomwita "mama" kwa mara ya kwanza, Mwongeli alikuwepo, na alijifanya ana kazi jikoni ili awaachie nafasi.

Mwezi Oktoba 2025 Ndinda alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa katika hospitali ya mjini Wote, akapelekwa Nairobi, ikagunduliwa ni saratani na kwamba imeshaenea. Hakuomba mengi. Aliomba alazwe Wote, ambako Musyoka angeweza kumletea watoto. Alilala katika Bwana asubuhi ya tarehe 12 Machi 2026, Musyoka akiwa amemshika mkono. Tulikuwa tumekaa naye miezi kumi na minne. Ni michache, na tunaililia kila siku, lakini bila wale watoto tusingepata hata mmoja.

Marehemu ameacha mume wake Musyoka, watoto wake Katunge na Mutunga, mama yake Syokau, dada yake Mwongeli na kaka yake Kitonga, na wapwa. Ameacha pia watoto tisa wa Nuu, ambao sasa wako gredi ya kumi na wameketi pale mbele, karibu na jeneza, kwa sababu familia imesema hapo ndipo mahali pao. Hao amewaacha mara mbili. Mara ya kwanza waliomba wenyewe, wakalia kwanza, ndipo wakaandika, ili sisi tumpate.

Ee Mungu, mpokee Ndinda. Mpumzishe kwa amani hapa Kalamba, kwake.