Yadira wa Kutoka Jikoni, Aliyetufundisha Kuuliza Kabla ya Kufungua

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, tulikaa hospitalini Bakersfield tukisubiri habari. Kulipokucha daktari alitoka, akasema na Rigoberto, mume wa marehemu, kwa Kiingereza. Mimi nikageuka kumtafuta Yadira anitafsirie, kama siku zote.

Yadira Olmos Tapia alizaliwa Huetamo, Michoacán, nchini Mexico, tarehe 3 Februari 1993, mtoto wa marehemu Fidencio Olmos na mimi, Eufemia Tapia. Tulimleta hapa Arvin, California, akiwa bado ananyonya.

Alisoma hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 2011. Akiwa darasa la pili mwalimu aliniita kulalamika kwamba mtoto anaongea mno. Yadira alinitafsiria: "Mama, anasema niendelee hivi hivi." Nilimshika mwalimu mkono, nikamshukuru sana.

Alipanga karoti kiwandani huku akisoma chuo, na mwaka 2016 akaajiriwa mapokezi ya zahanati. Jioni aliandika blogu yake, Desde la Cocina, yaani Kutoka Jikoni. Mwanzoni aliandika kwa Kiingereza kikubwa kuhusu haki za wafanyakazi, na hakuna aliyesoma. Nilimuuliza, "Binti, unamwandikia nani? Comadre Ofelia hata miwani hana." Ofelia ni dada wa Fidencio, na namwita comadre kwa kuwa ndiye mama wa ubatizo wa Yadira. Alinuna wiki nzima. Kisha akaanza kujirekodi kwa Kihispania chetu na kuwatumia watu kwenye simu. Alianza na supu ya kuku, na kuku akichemka alieleza haki ya mfanyakazi kupewa kivuli shambani, namna ya kujiandikisha kupiga kura, na kwamba maafisa wa uhamiaji wakibisha hodi usifungue mpaka waonyeshe karatasi yenye sahihi ya hakimu. Kila mara alimaliza kwa kuomba jambo moja tu lifanyike. Alinionyesha kwenye simu tarakimu za wasikilizaji. Sikuzielewa. Tarakimu hazina sura, na mimi niliogopa tu nani mwingine anasikiliza.

Tarehe 9 Juni 2018 alifunga ndoa na Rigoberto Zaldívar, fundi wa matrekta, wakajaliwa binti, Nayeli.

Julai mwaka huu alianza kukohoa. Ilikuwa homa ya bonde, ile ya vumbi la mashamba, ikamkaa mapafuni. Alirekodi hadi pumzi ilipokataa. Nilimwambia apumzike, hao watu hata hawajui sura yake. Akasema, "Wananijua, Mama. Wewe ndiye huwajui."

Ameacha mume, binti, mama na shangazi yake Ofelia. Hapo ndipo nilipomalizia kuandika, maana sikujua wengine.

Jana jioni, tukiwa katikati ya rozari nyumbani, mlango ukagongwa. Rigoberto akainuka, nikamvuta shati akae. Nje kulisikika miguu mingi. Nilikwenda mlangoni, nikauliza kama Yadira alivyofundisha: wanayo karatasi ya hakimu?

Sauti ya mwanamke ikajibu, "Hatuna karatasi, Doña Eufemia. Tuna tamales za mahindi, na zinapoa."

Nikauliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyemwambia bintiyo supu yake haina chumvi. Akanijibu nikapige kura kwanza, ndipo nirudi kulalamika."

"Ukaenda?"

"Nilikwenda. Na hawa wote nilikwenda nao."

Comadre Ofelia akacheka huku analia. Mimi nilibaki nimeshika kitasa, sijui kama naogopa au vipi. Yule mama akasema tena, taratibu, "Tumetoka Lamont na Delano. Yeye ndiye alituambia tusifungue. Hakutuambia tufanye nini tukifungiwa mlango sisi."

Basi niwaongeze hapa: ameacha pia watu waliojaa uwanja wangu hadi barabarani, wengi na vitambaa vya shambani vichwani. Majina yao bado sijayajua.

Lala salama, mwanangu. Niliuliza kwanza, kisha nikafungua.