Karai Lilikuwa Langu, Lawama Ikawa ya Petronilla

Tarehe 31 Desemba 1978, Mama Petronilla Apeduno, mwalimu wa lishe wa kituo chetu cha afya hapa Malaba, anastaafu baada ya kazi ya miaka ishirini na sita na miezi kumi. Na anastaafu jina lake likiwa safi! Nyinyi mliokuwa mkimwita mama wa sumu, someni karatasi hii mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe.

Aliingia Machi 1952 akiwa mfagiaji. Wakubwa waliona anakumbuka uzito wa kila mtoto bila kuandika, wakamfundisha mizani. Mwaka 1961 akapewa baiskeli na kazi ya lishe. Baiskeli hiyo imefika Amukura, imefika Butula, imefika hata Funyula wakati barabara ni matope tupu, na yeye juu yake na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, mgongoni. Mbwa wa njia nzima walimjua kwa harufu.

Wazee hakuwaogopa. Siku moja alimkuta Mzee Emojong na wenzake wamezunguka chungu cha pombe, mirija mdomoni, nyama ya kuku mbele yao, na watoto pembeni wanachovya ugali kwa mchuzi. Mzee akasema, "Mama, mtoto mchuzi unamtosha." Petronilla akamjibu, "Sawa, mzee. Basi leo mbadilishane." Akasukuma sahani kwa watoto. Wenzake Emojong walicheka mpaka mirija ikawatoka.

Miaka mingi alisema uji mtupu wa muhogo unashibisha tu, haukuzi. Aliwaona watoto waliodumaa, wanaohara kila wiki, wenye vidonda visivyopona, wanaokataa chakula kama vile hakina ladha. Mwaka 1975 akaja daktari mgeni, akatuambia kuna madini yanaitwa zinki. Mwili unataka chembe tu, lakini mtoto akiikosa chembe hiyo hakui, kidonda hakifungi, ulimi hauonji vizuri. Iko kwa nyama, omena, kumbikumbi na kunde. Iko hata kwa wimbi, ila nafaka inaing'ang'ania. Ukichachusha uji, inaiachilia. Petronilla aliruka kama msichana! Nyanya zetu walichachusha uji tangu zamani, sisi tukaacha kwa uvivu na haraka.

Sasa sikilizeni ya kwangu. Daktari alisema pia kwamba ule mng'ao wa karai la bati ni zinki. Mimi Kadija, mpishi wa kituo, kichwa changu kikafanya kazi bila ruhusa. Kama chembe inasaidia, karai zima je? Petronilla alikuwa ameniachia mtungi wa udongo. Nikauweka kando, nikachachusha uji siku mbili ndani ya karai jipya. Alhamisi ya kliniki watoto kumi na tisa walikunywa, na kabla mama zao hawajafunga leso za kuondoka, wakaanza kutapika. Uchachu ulikuwa umeila zinki ya karai na kuimwaga ndani ya uji. Chembe inajenga, rundo linatapisha. Kufikia jioni wote walikuwa wanacheza, lakini nani aliangalia hilo?

Mama mmoja, Aluka, alimtemea Petronilla mate mbele ya watu. "Ulituita hapa utuulie watoto?" Nilifungua mdomo niseme. Petronilla akanibana mkono: "Nyamaza, Kadija. Wewe una wajukuu wanne na kazi hii ya mwiko peke yake. Mimi wataniandikia barua tu." Wakamwandikia. Barua ya uzembe ikaingia kwa faili, kozi yake ya Nairobi ikafutwa, cheo akapewa mwingine. Na mimi nikanyamaza. Miaka mitatu! Mtu mzima mwenye mvi, kimya kama jiwe la kusagia.

Kina mama walipoikimbia kliniki, Petronilla aliwafuata makwao. Kila asubuhi alifika kwa Aluka na uji, akanywa kikombe cha kwanza mwenyewe, akaenda zake. Siku ya tisa Aluka akasema, "Lete basi, nimechoka kukutazama ukinywa." Binti yake alikuwa na miaka miwili na uzito wa mtoto wa miezi minane, na kidonda mguuni kilichokataa kila dawa. Akapewa uji mchachu wa wimbi, omena iliyosagwa, na kumbikumbi mvua iliponyesha. Kabla ya Krismasi kidonda kilifunga. Leo msichana huyo anakimbiza ndama wa majirani na anahitaji fimbo ya adabu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mkubwa wa kituo, Bwana Callistus Okwara, nikamwambia karai lilikuwa langu, anifukuze akitaka. Akauliza, "Nikikufukuza, mama, uji atapika nani?" Alhamisi iliyopita alisimama mbele ya foleni ya kliniki akasoma barua mpya: Petronilla Apeduno hakukosa, barua ya zamani imeondolewa, na anastaafu kwa cheo alichonyimwa. Vigelegele vilifika forodhani. Madereva wa malori walishuka kuuliza nani anaolewa! Aluka akapiga magoti. Petronilla akamwinua: "Simama, mama, foleni ni ndefu na mtoto hajapimwa."

Mama Petronilla, kituo kizima kinakushukuru. Nenda nyumbani Adungosi ukalale mpaka jua likuchome, shamba likupe mavuno mema ya wimbi, magoti yasikusumbue, na Mungu akuzidishie siku za heri. Msamaha wangu nauomba hapa kwa maandishi, kwa sababu kila nikianza kwa mdomo unaniambia uji unaungua. Leo sijapika. Pokea.