Utumbo na Moyo ni Majirani

Mchana ule ulikuwa wa kusinzia. Mvuke wa kahawa ulipanda taratibu mbele ya karakana ya makochi, na hata jua lilionekana halina haraka. Fundi makochi, ambaye kijiwe kizima kilimwita Sponji, alikaa kwenye benchi akiwa nusu ndotoni. Wiki iliyopita hospitali walimchoma sindano ya usingizi, wakampitisha mpira wenye kamera, wakakuta vinyama kwenye utumbo mpana, wakavikata. Leo majibu yametoka: si saratani. Angeshukuru Mungu yakaisha, lakini daktari kamtaka arudi kesho apimwe na moyo. Hapo ndipo alipoishiwa nguvu.

Bomba, fundi wa mabomba aliyekaa naye benchini, alimtetea.

— Utumbo uko chini, moyo uko juu. Moyo umeingiaje hapa?

— Daktari anasema vinavyolea vile vinyama na vinavyouchosha moyo mara nyingi ni vilevile, Sponji akajibu. — Kitambi, sigara, presha, sukari, mafuta kwenye damu. Akiona hiki, anachungulia na kile.

— Mwili ni saketi, ndugu yangu, alisema Waya, fundi umeme. — Choo kikipiga shoti, taa ya sebuleni inazima.

— Saketi wapi! Bomba akapinga. — Ni bomba. Palikuwa pameziba, wamezibua, kwisha habari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe umeshainama!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sponji akawasimulia ndoto ya sindano ile: alikuwa anatembea kwenye ukumbi mrefu, laini, wa rangi ya waridi, na nyuma ya ukuta mtu anagonga polepole. Alitaka kumfungulia, mlango hauonekani.

— Ndiye moyo huyo, Waya alinong'ona. — Anamtafuta jirani yake.

— Usiku hutembeleana, Bomba akadakia. — Ukilala chali, moyo hushuka kwa utumbo kupiga soga. Vile vinyama vilikuwa viti vya mgeni! Sasa wamevikata, atakaa wapi?

— Basi kesho usiende kumsumbua, Waya akamwambia Sponji. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sponji alijua ni upuuzi mtupu, lakini ulikuwa upuuzi mtamu, na yeye alikuwa anaogopa. Akaamua kimoyomoyo: haendi.

Mkewe akatokea kona ya karakana, shati la kuvaa hospitali kesho limekunjwa mkononi.

— Karibu, shemeji, Bomba alisema. — Tumeshakubaliana, mumeo haendi.

— Haya, mashemeji zangu. Akianguka humo karakanani, nani kati yenu atakuja kuniambia?

Bomba akamtazama Waya. Waya akatazama chini. Sponji alisubiri mzaha. Aliuhitaji kuliko kahawa. Haukuja. Aliwaona wanavyosukumana kwa macho, kila mmoja akimtanguliza mwenzake, na akawaonea huruma, rafiki zake hawa, kuliko alivyojionea mwenyewe.

— Hebu nipe hilo shati, mama watoto, akasema.