Tryphena Mghoi na Mikate ya Ndizi ya Treni Iliyokwama

Mchungaji wetu, wazee, kina mama, ndugu na jamaa mliopanda vilima hivi hadi Werugha, na nyinyi majirani wa Voi mlioanza safari kabla jua halijachomoza, mimi ni Obadiah Mwakio, mwalimu wa shule na mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yangu, nami nimekubali kwa heshima, ingawa nimeyaandika haya nikiwa na mshangao ule ule nilioishi nao miaka mingi, kwamba mtu wa namna hii alizaliwa nyumbani kwetu akala nasi chungu kimoja.

Dada Tryphena Mghoi alizaliwa tarehe 6 Machi 1913 hapa hapa Werugha, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwakio na Mama Mkawasi, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa iliyomvimbisha magoti na viwiko, akalala kitandani miezi mingi hata wazee wakakata tamaa, lakini aliinuka, ila tangu wakati huo kila alipopanda mlima alikuwa akisimama katikati ya njia na kujifanya anaangalia mashamba ya watu, na sisi wadogo zake tulikua tukidhani dada anapenda sana kuangalia mashamba, kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

Alianza masomo mwaka 1923 katika shule ya misheni ya Mbale, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1929 akapata kazi ya jikoni katika nyumba ya wamisionari kule Wusi, mahali palipokuwa na jiko la chuma lenye oveni, na huko ndiko alikojifunza kuoka mikate na keki, akaipenda kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote, hata akija nyumbani siku ya mapumziko alikuwa akimweleza mama habari za unga kuumuka kana kwamba anamweleza habari za mtoto anayeanza kutembea.

Tarehe 12 Agosti 1933, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa katika kanisa la Mbale na shemeji yetu Zephaniah Mwandawiro, aliyekuwa mfanyakazi wa reli pale Voi, akigeuza njia ili treni zipite salama, nao wakaishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambamo Mungu aliwajalia watoto watatu, Elsie aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1936, Gertrude aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1939, na Shadraki aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1944, na wote watatu wako hapa mbele yenu.

Kule Voi hakukuwa na oveni. Dada alijaribu kuoka kwa sufuria juu ya makaa, mikate ikaungua chini na kubaki mibichi katikati, na ile iliyoiva ilikuwa mikavu kiasi kwamba shemeji Zephaniah, ambaye ni mtu wa utani, alimwambia siku moja, "Mama Elsie, mkate huu nikiuweka mbele ya gurudumu, behewa halitasogea." Dada alicheka, lakini hakuacha. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Bi Mwanaesha binti Mwinyihaji, ambaye namwona pale na wenzake, mama wa asili ya Pwani, na yeye ndiye aliyemwonyesha kupalia makaa, yaani kuweka sinia juu ya sufuria na kulijaza makaa ili moto utoke juu na chini, na ndiye aliyemfundisha kutumia tui zito la nazi mahali pa siagi, iliyokuwa adimu. Lakini jambo la ndizi alilivumbua dada mwenyewe. Kila juma ndizi za milimani kwetu zilishushwa Voi zikingoja treni ya Mombasa, na zile zilizoiva hadi ganda likawa jeusi zilitupwa, naye akaanza kuziokota na kuziponda, akazichanganya na unga wa ngano, mayai, sukari guru, tui, soda ya kupikia kidogo, kisha karanga na korosho alizozikaanga na kuzivunja vipande kwa mkono, na mkate uliotoka humo ulikuwa mzito, laini, wenye unyevu hadi katikati, na siku ya tatu ulikuwa mtamu kuliko siku ya kwanza. Mimi nimeula miaka ishirini na sijui kuueleza. Unaukata unafikiri bado mbichi, unautia mdomoni unanyamaza.

Sasa naomba mnivumilie, kwa maana maisha ya dada yangu yana siku chache ambazo siwezi kuzipita haraka.

Mwezi wa Novemba 1957 binti yetu Elsie alikuwa anaolewa na kijana Alexander wa Kishushe, na harusi ilikuwa imepangwa kufanyika Jumamosi tarehe 23. Kwa miezi mingi dada alikuwa akiweka akiba ya unga, sukari guru, karanga na korosho chini ya kitanda chake, kwa sababu mama yake bwana harusi, Mama Jedidah, alikuwa ameusikia mkate huo na amewatangazia watu wa Kishushe wote kwamba watakuja kuula. Mvua zilikuwa zimenyesha bila kupumzika, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 treni ya abiria iliyokuwa ikienda Mombasa ilipita Voi, na kabla haijafika Maungu ikakuta maji yamebomoa tuta la reli mbele yake, na walipotaka kurudi nyuma, tuta la nyuma nalo likazama. Barabara ilikuwa tope tupu, lori haliwezi kupita. Watu walikwama pale nyikani wakiwa na watoto na wazee, maji ya matope kila upande, kuni zote zimelowa, wala hapakuwa na namna ya kupika hata uji.

Jumanne asubuhi shemeji Zephaniah alirudi nyumbani akiwa amelowa hadi kiunoni, maana alikuwa miongoni mwa wanaume waliofika huko kwa toroli la reli na kuvuka maji kwa kamba. Elsie alikuwepo, na maneno haya nimeyapata kwake.

"Mama Elsie," alisema, "tumepeleka mikate yote ya madukani, imekwisha, na mingine imekauka, watoto wanaitema. Maji ya kunywa ni ya shida. Kuna wazee hawana meno. Watu wanalia kule."

"Lini wataitoa hiyo treni?"

"Hakuna ajuaye. Labda Alhamisi, labda zaidi."

Dada aliinama akavuta gunia la unga kutoka chini ya kitanda, akamwita binti yake.

"Elsie, mwanangu, unga huu ni wako. Ukisema hapana sitakulaumu, nitatafuta njia nyingine. Lakini sema sasa."

Elsie, ambaye mnamjua kuwa si msichana wa maneno mengi, alilitazama lile gunia, akasema, "Mama, harusi bila mkate ni harusi tu. Lakini mama yake Alexander atasema nini?"

"Atasema. Acha aseme."

Basi wakatoka. Katika ghala la mizigo la stesheni kulikuwa na mikungu na mikungu ya ndizi za kwetu, zilizozuiwa na maji yale yale, zimekwisha kuwa nyeusi, na kina mama waliozileta walikuwa wanazilinda huku wakizihesabu kuwa hasara, lakini dada alipowaeleza walianza kumenya hapo hapo bila kusubiri jibu la mtu yeyote, na bwana stesheni akawafungulia upande wa ghala uliokuwa mkavu. Bi Mwanaesha alikuja na nazi, masinia na makaa, nyuma yake wakaja kina mama wa Kiislamu wa mji mzima, akasimama mlangoni akamwambia dada, "Shoga, sisi tuanze na Bismillahi, na wewe anza na yako, kisha tuone." Wakaomba, kila mmoja kwa namna yake, wakapanga sufuria na madebe yaliyokatwa, wakapalia makaa, na moshi mtamu wa ndizi na karanga ukajaa ndani ya ghala, ukatoka nje kwenye mvua, hata watu wa sokoni wakaja kuuliza kuna sherehe gani.

Mimi nilifika Jumatano mchana, nikitelemka kutoka milimani kwa ajili ya harusi, na nilichokiona sitakisahau. Nilimwona dada yangu, yule aliyeshindwa kupanda mlima bila kusimama, akiwa ameketi juu ya debe katikati ya ghala, uso umempauka, mkono mmoja ameubana kifuani, na kwa mkono mwingine anaelekeza nani apunguze moto wa chini, nani aongeze wa juu, nani apeleke sufuria ile pembeni ipoe. Nilimwambia, "Dada, pumzika, utaanguka." Akanijibu, "Nimekwisha keti, Obadiah, wataka nikae namna gani tena? Shika kinu, ponda ndizi." Nikavua koti la ualimu nikaponda ndizi. Hawakuwa na mizani wala kipimo chochote zaidi ya kikombe cha chai, unga ulipokaribia kwisha aliongeza ndizi, nazi zilipokwisha wakulima walileta maziwa, mayai yalipokwisha alijua la kufanya, na mkate haukuharibika.

Mikate ilifungwa kwa majani ya migomba, ikapangwa ndani ya madebe, wanaume wakaisukuma kwa toroli hadi mahali pa maji, kisha wakaivusha vichwani huku wameshika kamba. Shemeji Zephaniah anasimulia kwamba ndani ya behewa la daraja la tatu alimkuta mzee kipofu kutoka Ukambani, jina lake Musyimi, asiye na jino hata moja, ambaye alikuwa hajala tangu treni isimame. Alimwekea kipande mkononi. Mzee akakinusa, akakibonyeza kwa kidole, akala polepole hadi kikaisha, kisha akauliza, "Huyu mama ametia mvua ndani ya mkate?" Behewa zima likacheka, watu waliokuwa wakilia asubuhi, na shemeji anasema alitoka nje akasimama majini. Watu wa treni ile walikula mkate huo hadi njia ilipotengenezwa Ijumaa, na kwa neema ya Mungu hakuzikwa mtu hata mmoja kule nyikani.

Jumamosi tarehe 23 Elsie aliolewa, na wageni wakala muhogo wa kuchemsha, maharagwe na chai. Sitaficha kwamba Mama Jedidah alikasirika, alisimama mbele ya watu akasema, "Mimi nimewaambia watu wa Kishushe watakula mkate wa Tryphena, sasa nitawaambia nini?" Dada akamjibu kwa sauti ya chini, "Waambie umeliwa na wenye njaa kuliko sisi, mama mkwe mwenzangu, na unisamehe." Mama Jedidah alimaliza muhogo wake, akaondoka kabla ya nyimbo.

Kuanzia mwaka 1958 afya ya dada ilianza kudhoofika, miguu ikavimba, akawa halali ila ameegemea mito. Alilazwa hospitali ya Wesu mwezi wa Juni, akapelekwa Mombasa mwezi wa Septemba, na daktari wa huko alitueleza kwamba moyo wake uliumizwa na homa ile ya utotoni, wala si kazi yoyote aliyoifanya baadaye. Elsie alimwomba daktari alirudie jambo hilo, naye akalirudia, akalirudia tena, kwa upole, hadi Elsie akaacha kuuliza.

Mwezi wa Februari mwaka huu tulimleta hapa Werugha, na siku moja tulimwona Mama Jedidah anaingia uani akiwa na furushi lake, ametembea kutoka Kishushe kwa njia ile mbaya mnayoijua. Hakuna aliyemwuliza sababu. Alikaa hadi mwisho, akimwosha dada, akimgeuza, akimlisha, na mchana walikuwa wakizungumza wawili hao peke yao na kucheka, na walichokuwa wakikicheka hatukuambiwa.

Dada Tryphena alitutoka Jumanne tarehe 14 Aprili 1959, saa tisa alasiri, akiwa ameegemea bega la mume wake, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wesu na wa Mombasa, wachungaji waliomwombea, wafanyakazi wenzake shemeji Zephaniah wa reli waliotuletea faraja kwa kuja kwao, kina mama wa Voi, Bi Mwanaesha ambaye tangu juzi hajaketi, na Mama Jedidah, ambaye hatuna neno linalomtosha. Tunawashukuru pia watu ambao hawapo hapa na ambao majina yao hatuyajui, wale wa treni, waliotawanyika Mombasa, Ukambani, Nairobi na kwingineko, wengine wao walikuwa watoto wachanga ambao sasa wanatembea, na hawajui kwamba leo, Ijumaa tarehe 17 Aprili, mama aliyewalisha anashushwa kaburini. Hawakumwona uso, naye hakuwaona. Kama yupo mmoja kati yao ambaye mahali fulani anakula saa hii, na ale ashibe.

Dada yangu, keti sasa, pumua. Mlima umekwisha, na amani ya Mungu ikufunike.