Robine ya Mwalimu Zéphirin Havugimana

Kifungu cha 48 cha Katiba ya nchi yetu kinatangaza kwamba haki ya nyumba inayofaa, haki ya maji safi ya kunywa na haki ya umeme zimehakikishwa. Kinaongeza kwamba sheria itapanga namna ya kuzitumia. Mwalimu Zéphirin Havugimana, tunayemzika leo, alikijua kifungu hicho kwa kichwa, na alikuwa mtu wa kuamini kilichoandikwa.

Alizaliwa Kibumba tarehe 9 Mei 1957, mwana wa mzee Ndayambaje, mkulima wa viazi, na mama Umwiza. Kibumba hakuna mto, watu hukinga mvua. Utotoni alingoja maji kutoka mbinguni, na aliyapata mara nyingi zaidi kuliko alivyokuja kuyapata mjini.

Alisoma Kibumba, kisha Rutshuru, akapata diploma ya ualimu mwaka 1977. Alifundisha Goma hadi alipostaafu mwaka 2019. Somo lake alilolipenda ni uraia. Aliwaeleza watoto haki zao zote, na kengele ikilia walishika bidoni za kutekea maji kwenda ziwani, maana shule haikuwa na maji. Hakuna aliyecheka. Darasa la tano lina heshima kuliko watu wazima wengi.

Tarehe 21 Julai 1984 alifunga ndoa na Léocadie Mukagasana, wakahamia mtaa wa Mapendo, hapa Goma. Katiba ilipotangazwa mwaka 2006, Mwalimu alichukua nyundo na mtaimbo, akapasua mawe ya volkano kutoka uani hadi barabarani, akalaza bomba, akasimamisha robine ya kufungulia maji. Hakutaka serikali ipate taabu siku itakapoleta maji. Kila asubuhi aliifungua, akasikiliza, akaifunga.

“Papa Éphraïm, Katiba imefika leo?” jirani yake, mama Nabintu, alimuuliza akichungulia juu ya ukuta, akimwita kwa jina la mwanawe.

“Iko mu njia.”

“Basi inatembea kwa magoti.”

Mke wake alifunga mbuzi kwenye robine hiyo. Watawala waliondoka, wengine wakafika, na mbuzi hakuona tofauti.

Mwaka huu wakubwa wa serikali walihitaji robine ya kuzindulia maji ya mtaa. Iliyosimama ilikuwa moja tu. Tarehe 13 Februari walileta viti, utepe na spika, na nyuma ya ukuta wakaweka tangi, wakaliunga na bomba, wakalijaza maji ya ziwani yaliyoletwa kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Mtaa mzima uliona. Mwalimu naye aliona. Aliambiwa ni kwa ajili ya sherehe, maji yenyewe yatafuata. Kisha akaombwa anywe wa kwanza, kama raia wa mfano.

“Usikunywe, papa Éphraïm,” Léocadie alimnong'oneza. “Hayajachemshwa.”

“Mama, miaka yote hii nimewaambia watoto yatakuja. Leo nikatae?”

Alikunywa glasi mbili, taratibu, amevaa koti lake la harusi. Watu walipiga makofi. Mkubwa mmoja alieleza kwamba haki si maneno tena. Tangi liliisha kabla ya hotuba.

Siku ya tatu kipindupindu kilimlaza. Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliuliza mgonjwa amekunywa maji gani.

“Ya Katiba,” akajibu binti yake Bénita.

“Hiyo iko upande gani?”

Seromu za kumtundikia hazikutosha. Mwalimu alifariki alfajiri ya tarehe 18 Februari 2026, siku ambayo Katiba ilitimiza miaka ishirini, akiwa na umri wa miaka 68. Wakubwa wametuma shada la maua, liko pale mbele. Halihitaji maji, ni la plastiki.

Ameacha mjane, Léocadie, watoto watatu, Éphraïm, Bénita na Vanessa, wajukuu saba, na wanafunzi wengi ambao bado wanabeba bidoni.

Mungu ampe pumziko, Mwalimu wetu, mahali ambapo ahadi hutimizwa.

Tukitoka makaburini, wote mnakaribishwa nyumbani Mapendo kunawa mikono, kama ilivyo desturi. Familia inaomba kila mmoja aje na maji yake.