Wimbo wa Kutuliza Moyo

Katika boti ya kutoka Bukavu, mbele yangu aliketi muzee Idriss, mpiga gitaa wa zamani wa orkestra moja ya Murara, mtaa wa Goma. Kando yake alikuwa Umugwaneza, mwimbaji kijana ambaye alikuwa amejuana naye humo humo kwenye boti. Umugwaneza alimweleza muzee kwamba yeye hutoa wimbo mmoja mmoja kwenye intaneti.

“Na albamu?”

“Papa, nani atasikiliza albamu yote? Kila mutu anachagua ile anapenda.”

“Sisi tulipanga! Wimbo wa ndoa, kisha wa kilio, kisha wa kutuliza moyo.”

Muzee alisimulia kwamba kaseti zote za orkestra ziliungua volkano ilipolipuka Goma mwaka 2002. Baadaye vita vikamchukua Nuhu, mdogo wake aliyekuwa mwimbaji wa orkestra hiyo.

Umugwaneza aliuliza jina la orkestra, akatafuta kwenye simu. Mtu fulani alikuwa ameweka wimbo wao mmoja, ule wa kilio. Sauti ya Nuhu ikatoka. Muzee alilia waziwazi, nami nikajifanya natazama ziwa.

Wimbo ulipokwisha, simu ikarukia tangazo la sabuni.

“Hapana! Hapa inafuata ile ya kutuliza!”

“Haiko, papa. Waliweka hii moja tu.”

“Unaona? Ndiyo maana ya albamu.”

“Na bila telefone, hata hii haungeisikia.”

Muzee alianza kuimba ule uliofuata, wa kutuliza moyo, kwa sauti ya kukwaruza. Umugwaneza akasogeza simu karibu na mdomo wa muzee, akarekodi. Boti ikafunga gati bandarini Goma, abiria wakabeba mizigo, na wale wawili hawakuinuka; wimbo ulikuwa haujaisha.