Mwalimu Mabano na Kosa Lililosomwa kwa Sauti

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mwalimu Mabano, alizaliwa tarehe 9 Juni 1978 katika nyumba za watumishi wa reli, mtoto wa pili wa karani wa tiketi na muuguzi.

Alisoma shule ya msingi na sekondari jirani na nyumbani. Mwaka 2001 alihitimu stashahada ya kompyuta katika chuo cha ufundi.

Alifanya kazi katika ofisi za watu hadi 2012, alipoanza kuwafundisha mtandaoni watu wasiojua lolote namna ya kutengeneza programu za kwenye tovuti: ukurasa wa kuagiza mikate, wa kuweka miadi kwa kinyozi. Darasa lilikuwa meza ya jikoni, kamera ikiegemea kopo la sukari. Programu ya mwanafunzi ikigoma, hakumwonyesha kosa. "Soma kwa sauti kilichoandikwa," alimwambia. "Usiongeze chako." Mara nyingi ni mabano yaliyokuwa hayajafungwa, na jina likamganda.

Mwaka 2006 aliolewa na fundi cherehani, ambaye mpaka leo anashika kipanya kama anashika yai. Walijaliwa binti mmoja.

Februari 2025 sauti ilianza kukwaruza. Ilikuwa saratani ya koo, na upasuaji wa Agosti ukaondoka na sauti yote. Darasa lake lilikuwa limebakiza kazi moja: kila mwanafunzi aiweke programu yake hewani. Alitaka kuwaona wote wamefika.

"Mwalimu, maiki yako imezimwa," walimwambia aliporudi.

Akamwita mumewe kwa kidole. Akawa anaandika, mume anasoma. Alisoma kila kitu, kama kanuni ya darasa ilivyotaka: "Fungueni faili la jana. Nani amekwama? Baba Binti, hii usiisome, niletee maji."

"Shemeji, maji hayo yapelekwe!" akadakia mwanafunzi mmoja. Marehemu alicheka, mabega tu.

Mmoja baada ya mwingine walifika, akabaki mwoka mikate, ukurasa wake bado ukigoma.

Mwalimu alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Juzi Alhamisi ilikuwa siku ya darasa, na katika msiba huu hakuna aliyekumbuka kuwaarifu wanafunzi. Fundi alikaa jikoni, akawasha kompyuta ili awaambie.

"Shemeji, mwalimu anasemaje?" aliuliza mwoka mikate.

Fundi alikitazama kioo. "Hajaandika kitu. Hataandika tena."

Kisha mwoka mikate akaanza kulisoma kosa lake kwa sauti, neno kwa neno, bila kuongeza lake, mpaka mwisho. Ukurasa ulifunguka jioni ile. Mwalimu hakuuona.

Ameacha mume, binti, mama mzazi, dada yake mkubwa, na wanafunzi wake.

Apewe pumziko, na koo lisimuume tena.